Shemeji Yangu Hakuwa Mlevi

Katika ukoo wetu wa bonde la Naegok, mtu akitaka kumkanya kijana anayependa chupa humwambia, "Utaishia kama Taegyu." Taegyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wangu. Alifariki kwa ugonjwa wa ini akiwa na miaka hamsini na sita. Ninaandika haya kwa ajili ya wajukuu wa nyumba hii, na kwa yeyote wa ukoo anayependa kusoma, ili msemo huo ukome. Nilifundisha historia katika shule ya wasichana kwa miaka thelathini na moja, na kila mwaka niliwaambia wanafunzi wangu kwamba anayeficha yaliyo dhidi yake hajaandika historia, ameandika barua ya kuomba kazi. Kwa hiyo yaliyo dhidi yangu nitayataja pia.

Mume wangu alikuwa mtoto wa kwanza, mrithi wa nyumba kuu ya ukoo. Baba mkwe aliuza shamba la mpunga la ng'ambo ya mto ili mrithi asome chuo kikuu Seoul. Taegyu, aliyezaliwa miaka kumi na miwili baadaye, aliambiwa kwamba nyumba haina uwezo wa kusomesha wawili. Akiwa na miaka kumi na sita alipelekwa mjini kwa fundi wa mihuri, na huko akabaki. Alirithi kibanda cha fundi huyo kando ya ofisi ya wilaya, chumba cha bati chenye upana wa milango miwili. Mbele alichonga mihuri ya majina, ya mawe au ya mti, ambayo kwetu hugongwa badala ya sahihi, na kukata funguo, nyuma palikuwa na godoro, jiko dogo na friji.

Hakuoa. Sijui kwa nini, na kwa aibu nasema sikuwahi kumuuliza. Nilimjua kwa vitu vidogo. Mtoto yeyote wa ukoo akizaliwa, Taegyu alimchongea muhuri wake wa kwanza bila malipo. Wanandoa wakija kutafuta muhuri wa kugongea karatasi za talaka, aliushika kwanza kati ya viganja vyake na kuwaambia, "Jiwe bado lina baridi, rudini kesho." Alijigamba kwamba wengi hawakurudi.

"Walikwenda kibanda cha pili," mume wangu alimwambia.

"Basi walitembea pamoja mpaka huko, kaka. Hilo nalo ni jambo."

Nyumba kuu haiwezi kuishi bila matambiko. Mara kumi na moja kwa mwaka tulipanga meza mbele ya majina ya wahenga, na mara kumi na moja mimi ndiye niliyesimama jikoni siku mbili kabla. Samaki, tofu na maboga huchovywa kwenye unga na yai na kukaangwa. Maandazi madogo ya ngano huzamishwa kwenye mafuta, kisha kwenye asali. Keki za mchele hupangwa ghorofa kwa ghorofa, na kinywaji cha mchele, kisicho na kileo, hutiwa sukari mpaka kijiko kinateleza. Ibada ikiisha, kila mmoja hunywa funda moja la pombe iliyotolewa kwa wahenga, hiyo ndiyo baraka, kisha huondoka na furushi la chakula. Chakula hicho hakitupwi. Mama mkwe alinifundisha kwamba nyumba kuu inajulikana kwa uzito wa mafurushi yake, na mimi sikukubali kamwe mtu atoke na furushi jepesi.

Kazi ya Taegyu katika ibada ilikuwa kushika birika na kumimina pombe kwenye kikombe cha wahenga. Aliifanya tangu akiwa na miaka ishirini na mitano. Mkono wa mchonga mihuri hautetemeki, hivyo tone halikuwahi kuanguka kwenye kitambaa. Mwaka mzima watu walimwita fundi funguo. Siku hizo kumi na moja alikuwa mwana wa nyumba kuu, amevaa kanzu nyeupe ya katani, na hata wazee walimsubiri yeye.

Mume wangu alipofariki, nilibaki mlinzi wa nyumba mpaka mwanangu Jaehyeon aoe. Mwaka wa nne wa ujane wangu posa ikapatikana, kwa familia ya wasomi wa wilaya ya jirani, watu wanaouliza habari za mpaka babu wa nne. Harusi ilipangwa mwezi wa kumi. Mwezi wa tano ikaja barua.

Kwenye vitabu vya serikali Taegyu alikuwa bado ameandikishwa kwetu, kwa sababu kibanda cha bati si makazi. Barua zake zote zilifika nyumba kuu. Hii ilikuwa majibu ya kipimo cha afya ambacho kila mtu mzima hupimwa bure kila baada ya miaka miwili. Niliifungua. Nilijiambia kwamba mkuu wa nyumba ana haki hiyo.

Vipimo vya ini vilikuwa juu, na kando yake pameandikwa arudi kupimwa tena ndani ya miezi miwili. Sikuhitaji zaidi. Nilikuwa nimeyaona mashavu yake baada ya kila ibada, mekundu mpaka masikioni. Nilikuwa nimekiona kitambi kilichokua chini ya kanzu. Mwanamume mpweke, ini bovu, uso mwekundu: nikatoa hukumu. Na baba yangu mzazi alikuwa mtu wa kuwa mwekundu kwa funda moja tu, mtu asiyeweza kunywa kabisa. Tuko wengi wa damu hiyo katika nchi hii. Nilijua jambo hilo tangu utoto, lakini kwa Taegyu sikulikumbuka, au sikutaka kulikumbuka.

Barua niliiweka kwenye droo, chini ya vyeti vya mume wangu. Shangazi wa bibi harusi alikuwa na desturi ya kufika bila taarifa, na sikutaka karatasi yenye neno "ini" izagae. Sikumpa Taegyu kwa sababu angeenda hospitali ya wilaya, na hospitali ya wilaya ni kama kisima, kila mwanamke huchota hapo.

Kisha nikafanya baya zaidi. Niliona ni heri watu wajue kwamba nyumba imeshaliona doa lake na inalisugua. Nikamnong'oneza mke wa Mzee Deoksu, binamu wa baba mkwe, maneno manne: ini lake limeanza kuharibika. Yaliyobaki nilijua atayamalizia mwenyewe.

Siku ya tambiko la baba mkwe, wanaume walipokuwa wakijipanga, nilimwita Taegyu kando ya mlango. Pembeni tu, lakini nyumba zetu kuta zake ni karatasi.

"Shemeji, leo birika atalishika mtoto wa Mzee Deoksu."

"Kuna kosa nimefanya, shemeji?"

"Hakuna. Ni mikono tu. Wanasema inatetemeka."

Aliinyoosha mbele yangu, yote miwili. Ilitulia kama mbao. "Ikitetemeka nitachonga nini? Nitawaandikia watu majina ya majirani zao."

"Acha pombe, shemeji. Nakuomba, kwa ajili ya Jaehyeon."

"Mimi sinywi."

"Kila mtu husema hivyo."

Mzee Deoksu, ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulikanyaga mkia, akasema kutoka ndani, "Mkono wa mlevi hautetemeki akiwa amekunywa, mama Jaehyeon. Hutetemeka akiwa bado. Huyu leo amepata kifungua kinywa."

Wakacheka. Taegyu naye akacheka, kwa sababu alikuwa mdogo kwao, na mdogo hufanya hivyo. Akasimama safu ya nyuma. Baada ya ibada alikunywa funda lake moja la baraka, uso ukawaka, na Mzee Deoksu akasema, "Haya, taa nyekundu hiyo, magari yasimame." Wakacheka tena.

Harusini nilimketisha meza ya mwisho. Alileta mihuri miwili ya maharusi, iliyochongwa kwenye mti wa mkunazi uliopigwa na radi, mti ambao watu hulipia sana kwa kuwa husemwa hufukuza mabaya. Siku nzima alikunywa soda. Nilimwona, nikahesabu chupa tatu, nikajiambia kwamba kweli anajitahidi.

Dhamiri ilinisumbua kidogo, na mimi dhamiri yangu huishi jikoni. Nilianza kumpa mafurushi mawili, kisha matatu. Keki za mchele azigandishe kwenye friji. Samaki wa kukaanga wa siku tano. Chupa mbili kubwa za kinywaji cha mchele. Nilimnyang'anya birika nikamjazia kapu. Alipokea kwa mikono miwili kila mara, akainama.

Miaka minne ikapita hivyo. Mwezi wa tisa wa mwaka wa nne, muuza maharage wa jirani na kibanda alinipigia simu kwamba Taegyu ametapika damu juu ya meza yake ya kazi. Walimpeleka hospitali kubwa ya jiji la Daegu. Nilipofika alikuwa amekaa kitandani, tumbo limejaa maji, viganja vyekundu, macho ya rangi ya manjano.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho.

"Anakunywa pombe kiasi gani?" aliuliza.

Nilijibu mimi. "Tumemkanya sana, daktari. Familia imefanya yote."

Taegyu alinitazama. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama ufunguo ambao aliukata vizuri na bado haufungui. "Funda moja, mara kumi na moja kwa mwaka," alimwambia daktari. "Hata hilo linanipa maumivu ya kichwa."

Daktari alipekua karatasi. "Damu yako inakubaliana nawe. Hili ni ini la mafuta. Mtu anaweza asiguse pombe maisha yake yote na mafuta yakajaa kwenye ini, yakaliunguza polepole mpaka likawa makovu matupu. Na sukari yako iko juu sana, ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Unakula nini?"

Hapo uso wake ukachangamka. Aliona ameulizwa jambo la heshima. "Nakula vizuri, daktari. Shemeji yangu ndiye mama wa nyumba kuu ya ukoo wetu, yeye hanisahau. Samaki wa kukaanga, tofu, maandazi ya asali, keki za mchele. Asubuhi nazikaanga tena kidogo zilainike. Wali. Kinywaji cha mchele badala ya maji, kwa sababu chupa ni kubwa na itaharibika."

"Mboga?"

"Maboga. Ya kukaanga."

"Kila siku?"

"Furushi moja huisha baada ya siku kumi hivi, na hunipa matatu. Yakiisha huwa limekaribia tambiko jingine."

Daktari aliandika kwa muda mrefu. "Si chakula peke yake," alisema. "Kukaa kutwa nzima kibandani, damu ya ukoo, vyote vina sehemu yake. Lakini ungekuja miaka minne au mitano nyuma ningekwambia punguza vya kukaanga na vya sukari, tembea, kula shayiri na mboga, punguza uzito. Ini husamehe likiwahiwa. Hukuwahi kuitwa kwenye kipimo cha bure?"

"Nilipima. Barua sikuipata. Nikadhani basi niko mzima."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wageni, mkoba magotini. Nilitazama mkoba.

Nilimleta nyumba kuu. Kwa miezi mitatu nilipika kama daktari alivyoelekeza: shayiri badala ya wali mweupe, mboga za kuchemsha, samaki wa mvuke, chumvi kidogo, hakuna tamu. Alikula vyote na kusifu vyote, kama alivyosifu vile vya kwanza. Alipungua mwili, lakini macho yalibaki manjano. Daktari alikuwa amenieleza nje ya mlango kwamba tunachelewesha tu.

Siku moja nilipokuwa namenya figili alisema, "Shemeji, nina ombi. Tambiko la kaka, mwezi wa kwanza, nataka kushika birika."

"Utaweza kusimama?"

"Nitasimama. Ila uwaambie kwanza. Waambie sikuwa nakunywa. Nikisema mimi watacheka. Ukisema wewe watasikia, wewe ni mwalimu."

"Nitawaambia."

"Sitaki kwenda kwa kaka na baba wakiwa wanadhani..." Akaacha hapo, akachukua figili akaanza kumenya naye.

Nilijaribu njia rahisi kwanza. Nilimpigia mke wa Mzee Deoksu, kwa kuwa yeye ndiye niliyempa mbegu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Jaehyeon, una moyo mzuri sana. Lakini nioneshe mlevi mmoja hospitalini ambaye aliwahi kunywa. Wote wanakunywaga chai."

"Daktari amesema."

"Daktari ameambiwa na nani?"

Nilikata simu nikajua kwamba neno langu lililomchafua lilikuwa na nguvu kuliko neno langu la kumsafisha. Palihitajika kitu cha kuonyesha. Na nilikuwa nacho. Katika ile barua, ukurasa wa kwanza, juu ya matokeo yenyewe, paliandikwa majibu aliyoyatoa siku ya kupimwa, kabla hajajua kwamba kuna kesi: siku za kunywa pombe kwa wiki, sifuri. Sisemi sikupaona mwanzoni. Nilipaona, nikadhani amedanganya. Ukurasa wa pili ulisema inashukiwa ni ini la mafuta, apunguze vya kukaanga na sukari, arudi. Huo sikuufunua.

Lakini barua ilikuwa na tarehe, na bahasha iliyofunguliwa. Kuisoma mbele yao kungemsafisha yeye na kunivua nguo mimi. Kwa wiki tatu niliitoa kwenye droo, nikairudisha. Nilijiambia kwamba Jaehyeon na mkewe hawastahili aibu hii. Nilijiambia kwamba Taegyu mwenyewe hatapenda. Mwalimu hakosi hoja. Yeye hakunikumbusha hata mara moja. Alifua kanzu yake ya katani, akaipiga pasi mwenyewe, akaitundika ukutani.

Siku hizi tambiko tunalianza saa moja jioni, ili wanaotoka mbali wawahi kurudi. Walikuja wanaume kumi na wanne. Taegyu alikuwa amesimama karibu na nguzo, kanzu inaning'inia kwenye mabega. Mtoto wa Mzee Deoksu akaenda kwenye birika kama kawaida.

"Subiri," nilisema.

Nilisimama mbele yao nikasoma. Nilianza na jina, nikaenda kwenye ile sifuri, nikasoma ukurasa wa pili wote, pamoja na vya kukaanga, pamoja na sukari. Nilisoma kwa sauti ya darasani kwa sababu sauti nyingine sikuwa nayo.

Mzee Deoksu alisafisha koo. "Barua ya mwaka gani hiyo, mama Jaehyeon?"

"Ya mwaka wa harusi. Mwezi wa tano."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Niliificha. Na maneno ya ulevi yalitoka kwangu, baba mdogo. Nilimpa mkeo. Taegyu hajawahi kunywa."

Jaehyeon aliinua uso, akahesabu miezi, akauinamisha. Wengine walitazama mkeka. Mzee Deoksu aligeukia upande wa birika. Akamwambia mwanawe, "Mpe birika."

Taegyu alimimina. Tone halikuanguka. Kikombe cha baraka kilipofika kwake alikipitisha kwa anayefuata.

Baadaye, watu walipoondoka, alikuja jikoni akaketi juu ya kigoda. Nilitarajia anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, nilitaka.

"Shemeji," alisema, "ilikuwa kwa sababu ya harusi?"

"Ndiyo."

"Ungeniambia tu nisije harusini. Ningekaa kibandani. Mimi nisingekasirika." Alifikiri kidogo. "Barua ungenipa."



Kesho yake alirudi kibandani kwake. Sikuthubutu kumzuia. Nilimpelekea shayiri na mboga kila siku ya tatu, na alipokea kwa mikono miwili, akaniuliza habari za wajukuu, wala hakumwambia mtu ubaya wangu. Alifariki mwezi wa saba, hospitalini, Jaehyeon akiwa pembeni yake. Kaburini Mzee Deoksu ndiye aliyemimina pombe ya ibada. "Huyu hakunywa," alisema. "Sisi ndio tulimlewesha kwa midomo yetu." Aliwajumuisha wote, kwa heshima ya nyumba. Kila mtu aliyekuwa pale alijua mdomo wa kwanza ulikuwa wa nani.

Wanaume kumi na wanne walisikia barua ikisomwa, lakini msemo ulikuwa umeshatoka nje ya bonde, na msemo haurudi ukiitwa. Mwezi uliopita nimeusikia kwenye harusi ya watu nisiowajua. Ndipo nikaketi kuandika. Jaehyeon ameyasoma haya kabla yenu. Ameniomba niyaache yote, ila niondoe habari ya barua na ya yale maneno manne, kwa ajili ya jina la nyumba. Nimemjibu kwamba bila barua Taegyu anabaki kuwa mlevi, na kwamba kati ya jina la nyumba na lake, la nyumba nilishalichagua mara moja.